Mzee Doa na Watu wa Shimoni

Mzee Doa hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Ungemwamkia vizuri, naye angeitikia vizuri, lakini jicho lake lilikuwa limeshashuka kwenye kola yako linatafuta, na likipata linachokitafuta, pua inajikunja kama ya mtu aliyefunua sufuria la juzi. Ndiyo maana mtaa ukampa jina hilo, likamganda. Alikuwa dobi tangu ujana mpaka mvi. Duka lake lilikuwa katikati ya mji, chini ya jengo la ghorofa lenye ngazi za giza: chumba cha mbele cha kufulia na kupigia pasi, cha nyuma cha kulala yeye na mkewe, na katikati ukuta mwembamba usiozuia hata harufu ya sabuni.

Na kinyaa alichokuwa nacho, we acha tu. Kikombe cha mtu mwingine hakunywea. Mlango wa choo cha jengo aliufungua kwa kiwiko. Mteja akimpa mkono, haipiti dakika mzee amepata kisingizio cha kwenda kwenye sinki. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba ukimchunguza sana bata humli, naye alijibu kwamba hana haja na bata.

Kinyaa hicho ndicho kilichomfukuzia mwanawe. Binti yao, wa pekee, aliolewa na kijana wa idara ya maji, wale wanaoshuka kwenye mashimo ya barabarani kuzibua na kubadilisha mabomba. Siku kijana alipokuja kujitambulisha, ameoga, amevaa shati ambalo hata Mzee Doa hakupata la kulisema, mzee alitandika gazeti kwenye kiti kabla ya kumkaribisha. Jamani, mkwe juu ya gazeti! Kijana akakaa juu ya gazeti lake, akanywa chai, akashukuru. Mama mtu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Binti alilimeza hilo. Lakini baada ya ndoa alikuja siku moja na ovaroli ya mumewe kwenye mfuko, maji kwao yamekatika, akamwomba baba yake aifue. Mzee aliitoa mfukoni kwa kijiti cha kuchochea nguo, mkono ameunyoosha, uso ameugeuza, akaitupa nje mlangoni mbele ya wapita njia, akasema kinyesi cha mji mzima hakiingii dukani kwake. Binti akaiokota.

"Kama nguo za mume wangu haziingii humu, Baba, na zangu haziingii," akasema, akaenda zake.

Hakukanyaga tena. Alijifungua mtoto wa kike, na mzee alizipata habari kwa mkewe, ambaye alikuwa akienda huko kwa kisingizio cha sokoni. Mtoto sasa alikuwa ameanza kutembea, na babu yake hamjui sura. Jambo hilo lilimkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki, na ukimuuliza, atakwambia hajala samaki.

Basi ndipo walipokuja watu wa shimoni. Bomba kuu la maji la mtaa lilikuwa limeoza, na kwa kuwa magari hayakatiki mchana, wakubwa wakaamua kazi ifanywe usiku. Nani aliulizwa? Hakuna. Lilisimikwa bango la kuomba radhi kwa usumbufu, likaangukia kwenye tope, likakanyagwa, hata hiyo radhi yenyewe ikawa haisomeki. Giza likiingia tu, jenereta linawashwa, mashine ya kuvunja lami inaanza kutetemesha jengo zima, mpaka meno ya bandia ya bibi wa juu yanacheza ndani ya glasi. Na harufu je? Shimo lilichimbwa karibu kabisa na mlango wa dobi, ubavuni mwa mfereji wa maji machafu, na yale yaliyokuwa yakipita chini ya mji kimyakimya miaka yote yakapanda juu kusalimia watu. Asubuhi wanafunika shimo kwa mabati mazito ya chuma, wanakwenda kulala kwao, na kila gari likipita juu yake ni kishindo. Wakazi ndio hawakulala, si usiku si mchana. Mwalimu wa ghorofa ya pili alisinzia mbele ya wanafunzi wake. Watu wakawa wananuniana ngazini kana kwamba kila mmoja ndiye mwenye jenereta.

Wengine walikasirika. Mzee Doa alichefuka. Mashuka aliyoanika nje yalirudi ndani na vumbi la lami, akayafua upya, yakarudi tena na vumbi. Tope la shimoni lilimfuata kwenye nyayo za kila aliyeingia. Mteja mmoja alipewa shati lake akalinusa pale pale, mbele ya Mzee Doa, na mzee akajiona amevuliwa nguo hadharani.

Alikwenda kumlalamikia msimamizi, bwana mwenye kitambi na kofia ngumu isiyojua shimo, akaambiwa malalamiko yapelekwe ofisini. Ofisini wakamwambia amwone msimamizi. Alirudi amefura. Mashine ilipoanza usiku huo, alitoka na beseni la maji ya kufulia, meusi, yaliyokwisha kazi, akammwagia mtu aliyekuwa ameinama shimoni anakaza bomba. Yule mtu alikuwa na kofia, barakoa na miwani ya kazi, uso hauonekani. Akajipangusa miwani, akainua kichwa.

"Asante, Baba," akasema, akarudi kwenye spana yake.

Mzee aliona hiyo ni dharau ya wazi. Aliingia ndani akisonya, akimwambia mkewe kwamba watu wale wamekaa na uchafu mpaka wamekuwa uchafu. Mkewe alikuwa akiwapelekea chai kila usiku, mumewe akishageukia ukuta, na alikuwa anajua jambo ambalo mumewe hajui. Usiku huo aliitia chai sukari zaidi.

Sasa kuna habari ya pipa, na bila pipa hii hadithi haiendi. Mtaani kwao maji ya mchana ni ya kudondoka, ya nguvu huja watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo Mzee Doa hutumbukiza mpira kwenye pipa, hufungua bomba, hulala, na kulichunga pipa kwa sikio. Pipa tupu likipokea maji linagombana. Likifika nusu linanung'unika. Likikaribia kujaa linanong'ona, na mnong'ono huo ndio unaomwamsha. Miaka nenda miaka rudi halikumwagika tone. Alijivunia sikio lile kuliko pasi yake, na siku kinyozi wa jirani alipofurikiwa, yeye ndiye aliyemcheka kuliko wote, akimwambia anayelala kama gogo asicheze na maji.

Usiku uliofuata ule wa beseni, watu wa shimoni walitangaza kwamba bomba jipya linaunganishwa na maji yatarudi kabla ya alfajiri. Mzee alikuwa amekwisha kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni na makoti meupe ya daktari, ameyapanga kwenye benchi la chini. Akatumbukiza mpira kwenye pipa, akafungua bomba likiwa kavu, tayari kwa maji yakija. Kisha mashine ikaanza. Kwa hasira akachana pamba, akajiziba masikio yote mawili mpaka ndani, akajitupa kitandani. Hasira hasara, wahenga hawakukosea: aliyaziba masikio yale yale yaliyokuwa mlinzi wa pipa, wala hakukumbuka. Usingizi aliokuwa akiudai siku nyingi ukamchukua jumla.

Aliamshwa na mkewe akimtikisa bega. Akashusha miguu, ikaingia majini.

Tena maji gani! Ya rangi ya chai ya jana, mazito, yananuka, kwa maana maji ya kwanza ya bomba jipya husukuma mbele tope lote lililolala njiani. Yalikuwa yamefunika vifundo vya miguu, yamefika kwenye benchi, yanalamba shuka la chini. Mzee akakimbilia bomba alifunge, akalizungusha kwa pupa, kichwa cha bomba kikamkatikia mkononi. Maji yakamrukia kifuani, mdomoni, machoni. Akatema, akatapika, akasimama katikati ya duka lake ameshika kipande cha chuma kisicho na faida, uchafu wa mji mzima umeingia kwake bila kubisha hodi.

Aliyebisha ni mwingine. Mkewe alifungua mlango, na hapo kizingitini akasimama mmoja wa watu wa shimoni, aliyeyaona maji yakitoka chini ya mlango. Spana mkononi, ovaroli inamchuruzika tope. Alikuwa amevua kofia, miwani na barakoa. Mzee akamtazama. Alikuwa mkwe wake.

Maji yanabubujika, mashuka yanaloa, lakini kijana hakuvuka kizingiti.

"Baba," akasema, "gazeti liko wapi, nitandike nipite?"

Mzee alimchungulia usoni kama anavyochungulia kola, akitafuta kejeli. Aliitafuta kwa bidii zote, maana angeipata ingemsaidia. Hakuipata. Kijana alikuwa anauliza kweli, kwa adabu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kuingia nyumba hii. Na sauti ile mzee akaikumbuka: ndiyo iliyomwambia asante kwa beseni la maji machafu.

Nyani haoni kundule, lakini usiku ule Mzee Doa aliliona lake. Amekuwa akinusa watu maisha yake yote, na hakupata kunusa kitu kinachonuka kama alivyojinusa mwenyewe pale.

"Ingia, mwanangu," akasema, akampisha.

Kijana akaingia, akapiga magoti kwenye tope, akapapasa nyuma ya pipa mpaka akaipata koki ya ukutani, akaikaza kwa spana. Maji yakakata. Mzee na mkewe wakaanza kuyanusuru mashuka, lakini kijana hakugusa hata moja. Aliiweka mikono yake nyuma, akaomba radhi kwamba ni michafu, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Vua hiyo ovaroli," mzee akasema.

Kijana akadhani hakusikia vizuri.

"Inanuka. Vua uniachie. Nikimaliza, mimi sipeleki nguo za watu majumbani. Mwambie mkeo aje aichukue mwenyewe, na mtoto aje naye."

Kijana aliivua, akarudi shimoni na fulana na kaptura, wenzake wakamcheka mpaka wakaizima mashine.

Sikwambii kwamba mzee aliifua kwa furaha. Maji ya kwanza yalitoka meusi, akageuka pembeni akavuta pumzi, akarudia. Mkewe alitaka kumpa kijiti akakikataa, akatumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Akaipiga pasi, mikunjo imesimama, akaitundika mlangoni mahali pa makoti ya daktari, ambapo kila anayepita anaiona. Wapita njia waliuliza ni ya nani, na mzee aliwajibu kwa ukali kwamba ni ya mkwe wake, kuna tatizo?

Siku zilipita nayo ikining'inia, mpaka mzee akaanza kuikung'uta vumbi kila asubuhi. Kisha mchana mmoja binti akaja. Alisimama nje kwanza, akaitazama ovaroli ya mumewe kwa muda, akaishika kola. Mtoto hakusubiri. Alikuwa amechezea udongo wa shimo lililofukiwa, na kwa mikono yake ile ile akaingia ndani moja kwa moja, akamkumbatia babu yake mguu, kwenye suruali nyeupe.

Mzee akamwinua, mtoto akampaka udongo shavuni. Mkewe alikuwa amesimama kando ya sinki, ameshashika taulo, anamsubiri. Akasubiri, akasubiri, akaona mzee haji. Akaliweka taulo, akaenda kupika chai.