Mume wa Sura ya Tisa

Nyinyi mnaokosoa kazi za watu kwenye makundi ya waandishi mtandaoni, mnanichosha. Kuna fundi cherehani mmoja anaandika riwaya yake kwa kidole gumba, simu ameiegemeza kwenye mashine, pini kazibana kwa midomo. Kazi za wenzake anazisoma mara mbili kabla hajasema neno, na anaanza na kilichompendeza. Akikosolewa yeye, anajibu, "Asante, nitarekebisha," na kweli anaifumua sura nzima kama mshono uliokwenda kombo.

Juzi akatuma sura ya tisa. Mke anamwambia mumewe amechoka, anataka kuondoka, na mume hasemi kitu. Kundi zima likamrukia. "Dada, mume gani huyo? Hata jiwe lingeguna," mmoja akaandika. Mwingine akadakia, "Mpe maneno, la sivyo hakuna atakayekuamini." Fundi akamwandikia mume maneno, akayafuta, akaandika mengine, akayafuta pia. Mumewe mwenyewe alikuwa hapo hapo kwenye kochi, anaangalia mpira. Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Baba watoto, nikikuambia naondoka, utasema nini?"

Mume akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya televisheni. Fundi alisubiri mpaka mapumziko. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge, akaliandikia kundi, "Hii siirekebishi." Mpaka leo wanambishia. Kama na wewe umo kwenye kundi hilo, nakuomba ukafute maoni yako.