Bomba la Moshi Nililomchagulia Mwanangu

Mwanangu aliponipigia simu kutoka Kanada kuniuliza bomba lipi la moshi lifungwe kwenye gari yao, jawabu la haki lilikuwa moja tu: sijui, mwanangu, msikilizeni fundi wa huko. Ningesema hivyo, mazungumzo yangekwisha na kila mtu angeendelea na shughuli zake. Mimi nikajiweka sawa kwenye kiti, nikamwambia, "Ehe, nieleze."

Nilikuwa uani kwangu Al Amerat, Oman, baada ya sala ya alasiri, na mke wangu kando yangu anachagua mchele. Mwanangu alikuwa kule anasomea udaktari wa watoto, na mumewe amepata kazi ya kompyuta. Walikuwa wamenunua gari iliyokwisha tumika, na kabla baridi haijashika, bomba lake likaoza. Fundi akawaambia wachague: chuma cha kawaida, chuma kilichopakwa alumini, au stenlesi, ile ya masufuria, ambayo ndiyo ghali.

Kwetu mimi ndiye mtu wa magari. Sikupata kuwa fundi hata siku moja. Nilimaliza sekondari, nikaajiriwa katika stoo ya vipuri ya idara moja ya serikali, na nikastaafu humo humo. Kila kipuri nilikijua jina lake kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na rafu kinakokaa. Namna kinavyoishi na kufa chini ya gari, hayo nilikuwa nayasikia kwa wengine. Watu wa nyumbani hawakuona tofauti, na mimi sikuwasahihisha, kwa sababu ilikuwa raha kuulizwa.

"Huko kwenu bahari iko karibu?" nikamuuliza.

"Baba, bahari hapa ni safari ya ndege."

"Na hiyo theluji, maji yake matamu?"

"Matamu."

"Basi mnababaika nini? Nyama ukiitia kwenye friza inaoza? Kinachokula chuma ni chumvi. Fungeni cha kawaida."

Sikuwa nimebuni. Tulipokuwa tukikaa Seeb, karibu kabisa na maji, kila bomba nililofunga lilitoboka upesi. Tulipohamia huku Al Amerat, nyuma ya milima, bomba moja likadumu mpaka nikaiuza gari. Nikaona nna elimu ya kutosha. Mji usiokuwa na bahari utaozesha nini?

Nikamsikia mkwe wangu akikaribia simu. "Shikamoo, baba. Mie jamaa wa kazini wananambia kwamba huku barabarani..."

Nikamkata. "Mwanangu, nyie watu wa Tabora chumvi mmeijulia kwenye chungu. Sie tumezaliwa bahari iko mlangoni. Niachie mimi."

Ukoo wake ulirudi Oman kutoka Tabora, sisi kutoka Unguja, na utani huo ulikuwapo tangu siku ya posa. Akacheka. "Haya, baba. Wewe ndo mwenye kauli."

Jamaa zake wa kazini walikuwa wamekwisha mwambia kila kitu. Alikuwa ameshaamua kufunga stenlesi. Lakini kwetu mtu aliyepewa binti hamwambii baba mkwe kuwa amekosea, na hasa hamwambii mbele ya binti mwenyewe. Akanyamaza, na kesho yake akafunga bomba nililolitaka mimi.

Baridi ya kwanza ikapita. Kabla ya ile ya pili, mwanangu akatupa habari tuliyoingoja tangu alipoolewa: ana mimba. Akatutaka tuende, mama yake kwa ajili ya uzazi, na mimi kwa jambo langu. "Baba, nataka umuadhinie wewe. Kama babu alivyotuadhinia sisi."

Marehemu baba yangu aliwaadhinia wanangu wote. Alimshika kila mmoja kama mtu aliyeshika glasi iliyojaa, akainamisha kinywa kwenye sikio la kulia kumsomea adhana, na sauti yake nzito ikawa laini mno. Mwenye haki ya kwanza kwa huyu mjukuu alikuwa baba yake, lakini mkwe wangu alichukua simu akasema haki hiyo ananipa mimi. Tangu siku hiyo, kila nilipoupanda mlima wa Al Amerat kuelekea mjini Ruwi, nilifunga vioo vya gari nikajaribu sauti. Kuadhinia sikioni mwa mtoto si kama kuadhini msikitini. Unatakiwa usikike na usimshtue. Nadhani wenzangu barabarani waliniona mdomo unakwenda wakasema mzee huyu anagombana na nani.

Tulifika kule baridi imeshamiri. Mkwe wangu alikuja kutupokea uwanja wa ndege, na gari yake, niliyoijua kwa picha kuwa ya kijani, ilikuwa nyeupe mpaka madirishani. Nilidhani ni vumbi la theluji. Nilipofungua mlango nikachafuka mkono wa koti, nikagusa kwa kidole, na sijui kwa nini, nikaonja.

Nikasimama pale pale. "Mbona gari ina chumvi?"

Mkwe wangu akainama kupakia mabegi. "Wanamwaga barabarani, baba. Inayeyusha barafu."

"Barabara gani?"

"Zote."

"Ulijua siku ile?"

"Ingia, baba. Baridi hii si yako."

Alipowasha gari nikasikia mngurumo chini ya miguu, mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Nikajua bomba limeanza kutoboka. Mke wangu naye, ambaye hajui gari ila anajua mumewe, akasogea mbele kutoka kiti cha nyuma akaninong'oneza, "Leo mtu wa Tabora kakufunza chumvi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mwanangu, nilikosea, kesho tulibadilishe. Sikusema. Kila siku nilisikia mngurumo unakua, na kila siku nikazungumza habari ya chakula. Baadaye nilikuja kujua kuwa mkwe wangu alikuwa ameshachukua miadi kwa fundi afunge stenlesi, kimya kimya, ili nisifedheheke. Mtoto hakungoja miadi.

Asubuhi uchungu ulipoanza, mkwe wangu aliwapeleka hospitali mwanangu na mama yake kwa gari hiyo hiyo. Wakunga wakasema bado, kuna muda. Adhuhuri akarudi kunichukua mimi na begi la mtoto. Tulikuwa katikati ya njia, theluji inaanguka, tuliposikia kishindo chini, na gari ikaanza kunguruma kama trekta. Bomba lilikuwa limekatika chini ya viti vyetu. Mara harufu ya moshi ikapanda, kichwa kikawa kizito.

"Vioo, baba. Fungua vyote."

Tukafungua, na baridi ikaingia ikatushika masikio. Tukajikokota hivyo mpaka kituo cha mafuta. Mkwe wangu akalala chali juu ya theluji kuchungulia, akatoka na magamba ya kutu kwenye glavu. Akayatazama, akayatupa haraka nisiyaone. Nilikuwa nimekwisha yaona.

"Halifungiki," akasema. "Na tukiiwasha gari tena tutavuta moshi."

Akapiga simu ya teksi, wakamjibu kwa theluji ile tungoje sana. Simu yangu nayo ikalia. Mke wangu. "Yuko wapi huyo muadhini? Wanasema karibu."

Wakati huo huo likaingia lori kubwa la manjano, dereva wake akashuka kununua kahawa. Mkwe wangu akamfuata, akamweleza, nikaona yule bwana anaitikia kwa kichwa. Akarudi mbio. "Anapita hospitali. Ana nafasi ya mtu mmoja tu. Panda, baba."

"Panda wewe."

"Baba, adhana ni yako. Tumekubaliana. Mke wangu atanielewa."

"Mwanangu, mara ya kwanza ulininyamazia kwa heshima, na unaona ilipotufikisha. Leo usiniheshimu. Mkeo anazaa. Panda."

Akasimama, theluji inamwangukia kichwani. "Na mtoto akitoka?"

"Usinisubiri. Muadhinie."

"Sauti yangu mbaya, baba. Unaijua."

"Ndiyo hiyo hiyo anayoitaka."

Akanishika mkono akaubusu, akapanda na begi la mtoto. Lori likaondoka, na lilipofika barabarani mashine yake ya nyuma ikaanza kuzunguka, ikimwaga chumvi kulia na kushoto. Nikaitazama mpaka ikapotea, chumvi niliyomhakikishia mwanangu kuwa haipo katika mji ule.

Mama mmoja mwenye kituo akaniingiza ndani, akanisogezea kiti karibu na hita, akanipa chai isiyo na kitu chochote ndani yake. Sijapata kunywa chai mbaya kama ile, na sijapata kuishukuru chai namna ile. Nikapiga simu ya teksi tena, nikaambiwa bado. Nikakaa nikitazama dirisha.

Simu ilipolia hakuna aliyenisalimia. Nikasikia kilio cha mtoto, kikali, kisha mke wangu akisema kwa mbali, "Anza, anza, nimemshikia babu yake simu." Nikasimama, katikati ya makopo ya mafuta ya injini na madumu ya maji ya vioo, nikavua kofia, nikaivaa tena. Mkwe wangu akaanza. Alianza juu mno, akashuka, akapanda tena pasipopandwa, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nikamwitikia kila neno kwa sauti ya chini. Mtoto alinyamaza katikati.

Yule mama wa kituo alinitazama usoni akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia, "Msichana."

Nilipofika hospitali, nilipewa kumshika. Alikuwa amelala. Mwanangu akasema, "Umechelewa, baba," lakini alikuwa anatabasamu, na nikamwambia hapo hapo, mbele ya mumewe na mama yake, kwa nini nimechelewa na nani mwenye kosa. Mkwe wangu akasema, "Mie ndiye niliyechelewa kulibadilisha." Nikamwambia hapana.

Sasa wamerudi Maskati, wanakaa Bawshar, na kila Ijumaa wanavuka mlima kuja kula kwetu. Hadithi hii mkwe wangu hajawasimulia ndugu zake hata mmoja. Naisimulia mimi, na kila ninapoisimulia namuona anainuka kwenda kuongeza maji. Nikifikiri kwamba asubuhi ile mwanangu na mtoto tumboni walipanda gari ile, na bomba likawavusha salama likaja kukatika kwangu mimi, nashindwa nimshukuru Mungu kwa maneno gani. Namshukuru yule dereva ambaye sikumuuliza jina. Nashukuru kwamba nilipata mkwe aliyenifichia aibu yangu nami sistahili. Nashukuru hata kwamba mjukuu wangu akiimba anakwenda kombo kabisa, kama baba yake, na nyumba nzima tunacheka.

Watu bado wananipigia kuniuliza habari za vipuri. Nawajibu sijui, wakaulize gereji. Wanadhani uzee umenipunguza.

Mwanangu hakujaaliwa mtoto mwingine, na madaktari wamemwambia asitaraji; nduguze nao hawajapata watoto. Kwa kuchagua bomba nisilolijua, kwa ajili ya mji nisioujua, nilikosa kumuadhinia mjukuu wangu, na mjukuu nna huyo mmoja tu.