Taa ya Upepo

Simpendi shemeji yangu, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu naandika. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Nilipokuwa ndani ya eda alilichukua gari letu, ati lisikae bure likaharibika, akalizungusha Ukunda na Diani muda wote ule. Nilipotoka eda alilirudisha na ufunguo mmoja. Wa pili, alisema, umepotea.

Gari lile ndilo linalonilisha. Nakaa Mwabungo na mama mkwe wangu. Alfajiri napika mahamri na mbaazi, kisha naendesha hadi Diani kuwauzia wafanyakazi wa mahoteli kabla hawajaingia kazini. Nikichelewa, wamekwisha kula kwingine. Shemeji analijua hilo vizuri.

Sikukaa sana ikaanza kuwaka taa kwenye dashibodi, ya manjano, mfano wa chungu chenye alama ya mshangao ndani. Maana yake kuna tairi lililopungua upepo. Lipi, haisemi. Unashuka, unazunguka, unayatazama yote manne, na yote yamenona vilevile. Fundi wa tairi pale Ukunda aliyapaka maji ya sabuni akitafuta tundu, hakuona hata povu. Akajaza upepo, taa ikazimika. Baada ya siku chache ikawaka tena, na mbaazi zinapoa nyuma.

"Gari si jembe, shemeji," akaniambia huyo mdogo wa marehemu, kijiti cha meno mdomoni. "Lataka mwanamume. Niachie mimi, nitakuwa nakuletea chochote kila jioni."

Chochote! Kana kwamba nimesimama mlangoni pake naomba sadaka.

Nikaja kugundua kwamba taa huwaka zile asubuhi anazokuja kumwamkia mama yake. Wallahi niliona mapema, nikanyamaza. Ningesema nini? Mjane akimshuku shemejiye huambiwa anapigania mali. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo huwezi kuivua mbele za watu. Nikanunua pampu ya mguu, nikaiweka kwenye buti, nikaendelea kumkaribisha chai kwa tabasamu huku nikiomba imuunguze ulimi.

Asubuhi moja akaja kama kawaida yake, akapitia nyuma ya nyumba ninapoegesha gari, ndipo akaingia chumbani kwa mama. Alitoka mbio. Mguu wa mama, ule wenye kidonda cha kisukari, ulikuwa umefura hadi gotini, na mwenyewe anatetemeka kwa homa.

"Shemeji, hospitali! Msambweni, sasa hivi!"

Tukamlaza kiti cha nyuma. Shemeji akaketi mbele, kando yangu.

Tuliposhika lami tu, taa ikawaka. Nilimwona akiiona. Akageuza uso dirishani, akatazama minazi kana kwamba ni mgeni wa nchi hii. Mama aliguna kila tulipopanda tuta. Mtu ana mama yake mgonjwa ndani ya gari aliloliharibu kwa mkono wake, na bado amefunga mdomo! Niliogopa tairi lisije likapasuka na mgonjwa ndani. Nikaegesha kando.

"Mbona wasimama?"

"Kuna tairi halina upepo. Sijui ni lipi." Nikafungua buti, nikamkabidhi pampu. "Wewe ndiwe mwanamume. Jaza."

Akashuka. Hakuzunguka gari. Hakuinama kutazama, wala hakulipiga teke hata tairi moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye la nyuma kushoto, chini ya dirisha la mama yake, akachutama, akaanza kukifungua kifuniko cha upepo.

Mama akainua kichwa. Kioo kilikuwa wazi.

"Umejuaje kuwa ni hilo?"

"Nabahatisha tu, mama."

"Wabahatisha." Akauma meno kwa maumivu. "Haya, jaza. Ukimaliza, mpe mwenyewe ufunguo wake. Nauona kwako siku zote, nikakusitiri."

Alijaza bila ya kutuangalia. Kisha akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo. Kumbe alikuwa akitembea nao! Nikaupokea bila ya shukrani, na pampu yangu pia nikaichukua.

"Sasa wewe tafuta tuktuk," mama akamwambia. Tukamwacha pale kwenye lami.

Mama alilazwa, akatibiwa, na alhamdulillahi mguu umebaki. Shemeji bado huja kumwamkia, na siwezi kumzuia mtu kwa mzaziwe. Sijamsamehe na sina haraka. Chai simpi. Ila asubuhi hizo mama mkwe wangu hakai tena chumbani. Hujikokota na mguu wake hadi nyuma ya nyumba, akaketi kitini kando ya gari, na hapo ndipo mwanawe humkuta.