Sindano ya Gari ya Baba

Juzi pale Nizwa nilimwona kijana ameinamia injini ya gari kuukuu, harufu ya petroli imetanda, nikamkumbuka mama alivyohamaki siku ile nyumbani kwetu Ibra.

Tulikuwa twende Sur, kwenye harusi ya mdogo wake mama. Mama keshavaa, ananukia udi, na baba bado yumo chini ya gari. Alikuwa ameing'oa kabureta na kufunga vyombo vya kupulizia petroli ndani ya injini, alivyovitoa kwenye gari iliyopinduka.

"Sasa petroli itaingia kwa sindano," alisema.

Nikaipapasa boneti, nikaiambia gari sindano haitauma sana.

Injini ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Tena na tena. Leo najua pampu yetu ya zamani haikuwa na nguvu ya kuzisukumia petroli sindano zile. Siku ile niliamini gari inaogopa.

"Baba Salma, kabureta ilikukosea nini?" mama aliuliza.

"Subiri kidogo, itawaka."

"Tangu adhuhuri nasubiri!"

Akanishika mkono, akasimamisha lori la mbuzi. Tulifika Sur tunanuka beberu, bibi harusi keshatolewa.

Baba alifika kesho yake, kabureta imerudi mahala pake. Mama alimsogezea sahani ya wali uliopoa, akarudi kwa wenzake.