Mistari Iliyolingana

Wenzake walimwita Mvuke, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi metali inavyoyeyuka na kugeuka mvuke, ingawa mvuke wenyewe hakuwahi kuuona hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta. Chumba cha pili, nyuma ya mlango wenye taa nyekundu, fundi wa leza alilipiga bamba la shaba kwa mpigo wa mwanga mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kisha akapima kina cha kishimo kilichobaki. Mvuke alitakiwa kukitabiri kishimo hicho kabla hakijachimbwa. Mstari wa programu yake ukilingana na mstari wa vipimo vya maabara, mkuu wa maabara angeipeleka programu kiwandani, na Mvuke, aliyekuwa mtu wa mikataba mifupi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, angepewa ajira ya kudumu.

Siku ya Ijumaa mistari ikalingana. Ililaliana kama shuka na godoro.

Mvuke akakuna kichwa. Alhamisi ilikuwa mbalimbali kabisa. Tangu hapo alikuwa amegusa hiki, akapunguza kile, akarudisha kingine, na sasa hakujua ni mguso upi ulioleta heri hiyo.

"Kaka, umeipata!" fundi wa leza alimpigia makofi.

"Nimeipata, dada, lakini sijui nimeipatia wapi."

"Ukikuta chakula mezani unaanza kuhoji kilivyopikwa? Nawa mikono ule!"

Jioni, mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja nguo sebuleni, alimwona amezubaa akamwuliza kulikoni. Mvuke akajaribu kumweleza. Mwanga ukiipiga shaba, alisema, zinazoshtuka kwanza ni elektroni, chembe ndogo zinazozurura humo ndani. Hizo zinapata moto mkali huku atomi zenyewe bado zimepoa, hazijapata hata habari. Baadaye kidogo elektroni zinazigawia atomi joto, na hapo ndipo shaba inapoyeyuka, nyingine ikaruka kuwa mvuke.

"Kwa hiyo kitu kimoja kina joto la aina mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Mahali pamoja, wakati mmoja?"

"Hapo hapo."

"Mkwe wangu, chai ikiwa moto ni moto. Ikipoa imepoa. Nyie mnalipwa kwa maneno haya?"

"Hata mimi yananichanganya, mama."

"Na huo mwanga wenyewe mpana kiasi gani?"

Mvuke alichukua kifuniko cha chupa, akapitisha kidole kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ili amwonyeshe upana. Kidole kikaganda. Programu haikuuliza upana wa ukingo hadi ukingo. Iliuliza kutoka katikati hadi ukingoni, yaani nusu yake, naye alikuwa ameijaza upana mzima. Kwenye hesabu zake mwanga ulikuwa umetandazwa ukawa hafifu kuliko ule wa maabara.

Alifungua kompyuta pale pale, akasahihisha. Mstari ukaruka. Kishimo cha programu sasa kilikuwa na kina karibu mara mbili ya kile cha fundi.

Hapo akachanganyikiwa kweli. Kama alikuwa amekosea na mistari ikalingana, basi palikuwa na kosa jingine lililokuwa likilifichia la kwanza. Kosa gani? Aliitafuta Jumamosi nzima ile hitilafu ya pili, akaitafuta Jumapili, asione kitu.

"Si uirudishe ilivyokuwa?" mkewe alimwambia. "Kwani nani atajua?"

Watu wengi huangukia hapo hapo, tena watu wenye akili zao. Hujiambia kwamba jibu likiwa zuri, njia haina haja ya kukaguliwa. Mvuke alijua kiwanda kingebadilisha upana wa mwanga siku ya kwanza tu, makosa yale mawili yangeacha kufichiana, na mabamba ya watu yangetobolewa ovyo. Lakini hata kama yasingetobolewa, mchoro wa Ijumaa ulikuwa uongo, na sasa alijua ni uongo. Anayejua hana tena pa kujificha.

Jumatatu akaonyesha mchoro mbaya.

"Ijumaa nimeambiwa imekubali," alisema mkuu wa maabara. "Nani kaiharibu?"

"Mimi, mkuu. Nimeirekebisha."

"Umeirekebisha ikaharibika?"

Watu wakacheka. Mvuke akasimulia habari ya kosa la kwanza.

"Na la pili liko wapi?"

"Sijui."

"Ni lako au la vipimo?"

"Usinitazame mimi, kaka!" fundi wa leza alidakia.

"Hata hilo sijui, mkuu."

Mkuu alifunga jalada lake. Kiwanda kingeambiwa kisubiri. Kuhusu ajira, wangezungumza siku nyingine, alisema, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kuzungumza.

Baada ya kikao fundi alimshika Mvuke mkono akamvuta hadi kwenye hadubini. "Umeniponza mbele za watu. Haya, kione kishimo chenyewe."

Mvuke akainama. Alikuwa amekitabiri kishimo hicho miaka mingi, akidhani ni kama bakuli safi. Alichokiona kilikuwa na kingo zilizovimba pande zote, shaba iliyoyeyuka ikasukumwa nje, ikaganda kabla haijaanguka. Programu yake haikuwa na kingo.

"Hizi zimekuwepo siku zote?"

"Siku zote."

"Kina unakipimia wapi, juu ya kingo au usawa wa bamba?"

Fundi aliigeukia mashine ya kupimia. "Mashine ndiyo inayochagua," alisema. "Nadhani ni juu ya kingo."

Mvuke akapiga hesabu kichwani. Kama ni juu ya kingo, basi kishimo cha kweli kilikuwa na kina kifupi zaidi ya kilichopimwa, na pengo kati yake na programu lilikuwa kubwa kuliko alivyomwambia mkuu.

"Dada," alisema, bila kuinua jicho kwenye hadubini, "nimezidi kupotea."

"Sasa?"

"Sasa twende tukamwambie mkuu."