Kikombe cha Maziwa Mabichi

Wateja walimwita Povu, kwa jinsi alivyomimina maziwa kutoka juu mpaka yakafura kikombeni. Miaka ishirini na miwili aliwauzia mabichi, yangali na uvuguvugu wa kiwele, na akijisifu kwamba hakuna tumbo lililowahi kumlalamikia.

Mkewe alipoanza kutibiwa saratani, muuguzi aliwakalisha wote wawili. "Dawa hizi zinashusha kinga ya mwili. Kila anachokula kiive barabara. Yai liwe gumu, matunda yaoshwe, kiporo asiguse. Na maziwa yachemke."

Povu akaitikia kwa kichwa. Moyoni alisema, hayo ni maziwa ya watu wengine.

Hata hivyo alichemsha, wiki mbili nzima. Shida ni kwamba mkewe alikuwa hataki kula. Uji ukija, anageukia ukutani.

"Ya kuchemsha yananuka sufuria, baba watoto. Nipe kama yale ya zamani. Kikombe kimoja tu."

Mtu ana siku mbili hajatia kitu tumboni. Povu akampa. Mama wa watu akanywa lote, akalamba na povu la mdomoni, akacheka. Povu akatoka pale kifua mbele.

Siku ya tatu tumbo likamwendesha mkewe, homa ikapanda, meno yakagongana. Wodini daktari akauliza amekula nini.

"Sijala kitu," mkewe akawahi. Alikuwa anamstiri.

Povu akatazama sakafu. "Amekunywa maziwa mabichi. Nilimpa mimi."

Mkewe alilazwa siku kumi na moja, akarudi amebaki mifupa na macho. Matibabu yakasogezwa mwezi mzima, na hakuna aliyejua saratani ingefanya nini ndani ya mwezi huo.

Povu sasa anasugua ndoo kwa maji ya moto mpaka vidole vinababuka. Jirani mmoja mjamzito alipokuja na chupa yake, Povu akamwambia akachemshe.

"Makubwa! Si ulisema yako hayana neno?"

"Nilisema, dada. Kachemshe."

Ndani, mkewe ananyoosha mkono apokee kikombe.

"Umechemsha?"

"Nimechemsha."

Povu ameyaona maziwa kwa macho yake yakipanda na kufurika jikoni. Lakini kabla kikombe hakijafika mdomoni, anamnyang'anya taratibu, anayarudisha maziwa motoni, na kusimama pale akiyatazama.