Ute wa Mbegu za Papai

Mpapai wa mama mkwe wangu ulikatwa siku mafundi walipojenga ukuta wa nyumba yetu Madale. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeupanda, kwa mbegu aliyotoka nayo kwao Lindi. Mama hakulalamika. Aliokota papai moja lililoiva, akaliweka mezani, akaenda kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikaamua kuuotesha upya. Nililipasua lile papai, nikakomba mbegu. Nusu nikazifukia kwenye vifuko vya udongo, nusu nikazitia kwenye kopo ndani ya friji, na utelezi wake vilevile.

Wiki tano nilimwagilia asubuhi na jioni. Hakikuota kitu. Nikaulaumu udongo, nikaubadilisha. Nikaenda kwa jirani kulalamikia kuku wake. Akanionyesha banda, tupu. Kuku alishawauza zamani. Nikaomba radhi.

Muda wote huo mama alikaa barazani akinitazama. Siku moja nilipomwamkia, aliitikia marahaba, kisha akauliza:

"Mwanangu, zile mbegu uliziosha?"

"Kuziosha kwa nini, mama?"

"Kuutoa ule ute. Una dawa inayozizuia kuota. Bila hiyo si zingechipua humohumo ndani ya papai?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Si una diploma ya kilimo?"

Diploma ninayo. Ipo sebuleni, kwenye fremu.

Nikatoa kopo kwenye friji. Mama akamimina mbegu kwenye ungo, akachanganya mchanga na majivu, akaanza kuzisugua kwa viganja. Mie nikamwagia maji. Kila mbegu ilipopasuka kile kifuko chake cha ute, ilibaki nyeusi, yenye mikunjo.

"Baba yenu alikuwaga anasugua, mie namwaga maji," akasema. "Akisugua anaimba. Vibaya sana."

Tangu mazishi hakuwa amemtaja. Niliendelea kumwaga maji, ingawa mbegu zilikuwa zimeshatakata.

Tulizianika kivulini, tukazifukia. Iliota miche tisa. Mitatu tukaipanda nyuma ya nyumba. Miwili ilizaa. Wa tatu ukatoa maua marefu yanayoning'inia: dume, hauzai. Mume wangu akaja na panga.

"Huo uache," mama akamwambia. "Umekukosea nini?"

Mume wangu akarudisha panga stoo.